Kona Ambayo Hakuiita

Felista aliitikia kona ambayo hakuna aliyeiita.

"Nimesikia," alisema ndani ya helmeti, sauti kavu kama kawaida yake, na Nyange, gari lao, akaingia kona ya Alizeti kwa kilomita mia na arobaini kwa saa. Matairi ya kushoto yalipiga kelele. Shemeji yake Ntandu alikata usukani pale pale pa siku zote, akapita karibu kabisa na ukingo wa ndani, kisha akaliachia gari lijitanue taratibu mpaka ukingo wa nje. Mikono yake haikukosea kitu. Kilichokosekana ni neno moja. Dereva anatakiwa kuitaja kona kwa jina kabla ya kukanyaga breki, na Ntandu hakuitaja.

"Mapacha," aliita kona iliyofuata, sauti yake nzito imetulia kabisa.

"Nimesikia."

Basi amerudi, Felista alijiambia, na jasho likamtoka mgongoni chini ya koti zito. Hii ilikuwa mara ya kumi na moja tangu Februari.

Mtu ambaye hajawahi kukaa kiti cha kushoto cha gari la mikono anaweza kuliona hili ni jambo dogo. Tangu Sheria ya Barabara ipitishwe, miaka ishirini na sita sasa, kila gari nchini lina Mlezi. Ndilo jina ambalo watu waliupa ule ubongo wa bandia uliofichwa chini ya kiti, unaoendesha, unaopiga breki, na unaokukatalia kulipita gari la mbele hata kama limebeba samadi mbichi. Ajali za barabarani zimebaki masimulizi ya wazee, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka siku zile zirudi. Ila wapo watu mia tisa hivi, nchi nzima, wenye hati ya mikono. Hao wanaruhusiwa kulichukua gari lao la michezo, lile lile lenye namba za barabarani wanaloendea sokoni, wakalipeleka kwenye uwanja uliozungushiwa uzio, wakaliendesha wenyewe mpaka mwisho wa nguvu zake.

Tatizo ni kwamba Mlezi hajui kutofautisha ujasiri na wehu. Ukimwacha macho, atakanyaga breki kila kona. Ukimzima, hakuna wa kukuokoa. Watunga sheria walikuna vichwa weee, mwisho wakaja na mshikaji, yaani mtu anayekaa kando ya dereva akiwa amebana kishikio cha chuma chenye springi. Akibana, Mlezi analala. Akiachia, Mlezi anaamka na kulichukua gari. Mashine haifi, walisema, lakini aliyekaa kando yako anakufa nawe, kwa hiyo huyo ndiye wa kuaminiwa.

Ili ijulikane kwamba wote wawili wako macho, dereva huita kona na mshikaji huitikia. Kinasa cha garini husikiliza itikio peke yake. Mwito hakiuulizi, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba mtu mzima, roho yake ikiwa mkononi mwa mwenzake, angeitikia kitu ambacho hakukisikia. Hakuna aliyemuwaza Felista.

*

Baada ya mzunguko wa tano waliingia kivulini, kwenye banda la uwanja wa Mkinya, kupoza gari. Nyange alikuwa gari la barabarani, jeupe na la chini, lenye mota nne, moja kwa kila gurudumu. Kwenda mbio kwake ilikuwa kazi rahisi. Kusimama ndiko kulikomchosha. Baada ya mizunguko mitano mikali pedi za breki zilinuka kama nywele zilizoungua, na ungemlazimisha mizunguko zaidi bila kupumzika, mguu wa dereva ungezama chini bila kukuta kitu.

"Usivute breki ya mkono, shemeji, zina moto," Felista alisema kwa mazoea, akachomeka kigingi cha mti nyuma ya gurudumu.

"Miaka kumi na tisa unaniambia hivyo hivyo."

"Na miaka kumi na tisa mkono wako unaanza kwenda."

Ntandu akacheka, akavua helmeti. Alikuwa na miaka sitini na minne, mrefu, mwembamba, kichwa kimenyolewa chote. Alizunguka gari akigusa kila tairi kwa kiganja, akapunguza upepo kidogo kwenye mawili ya mbele, maana joto lilikuwa limeujaza kupita kiasi. Zamani aliendesha treni, mpaka treni zilipojifunza kujiendesha. Baadaye aliendesha gari lake mwenyewe kwenda kazini, mpaka Sheria ilipopita. Kilichobaki mikononi mwake duniani ni kilomita nne na nusu za lami, hapa nje ya Singida, kati ya mawe makubwa na mashamba ya alizeti.

Bwana Kidanka, msimamizi wa uwanja, alikuja na kishikwambi chake kwapani. Alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye ujana wake wote alikaa juu ya uzio kumtazama Ntandu akipita.

"Mitano safi kabisa, mzee wangu," alisema. "Bado mitano, nikuthibitishie hati, tukutane kwenye Mbio za Mikono mwezi ujao. Nimeshakuwekea nafasi ya mbele."

Kila mwenye hati aliyevuka miaka sitini hupimwa hivyo mara moja kwa mwaka, mizunguko kumi mbele ya msimamizi. Sheria yake ni fupi. Mshikaji akiachia kishikio kwa sababu ya dereva, hati inakufa siku hiyo hiyo, na kwa mtu wa umri huo haifufuki tena.

Kidanka alipoondoka, Ntandu alibaki ameinama kwenye tairi la nyuma. Bila kuinua kichwa akauliza, "Nimeita zote?"

Felista alikuwa anakunywa maji. Akameza taratibu.

"Umeita."

Ntandu aliitikia kwa kichwa, akaendelea na tairi lake. Felista alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia katika maisha yake ya kusema uongo mdogo mdogo.

Mara ya kwanza, Februari, alidhani ni vumbi lililomkaba koo. Aliitikia kumsaidia tu, kama unavyommalizia mtu sentensi. Mara ya pili akaitikia ili kinasa kisipige king'ora, kumpunguzia aibu. Baada ya hapo ikawa desturi ya mdomo wake. Ntandu alikuwa anapotea sekunde mbili, tatu, huku mikono ikiendelea na kazi yenyewe kwa mazoea, kisha anarudi bila kujua kwamba alikuwa ameondoka. Dada yake Felista, Consolata, ambaye ndiye mke wa Ntandu, hakuambiwa neno.

Na angemwambiaje? Felista alipofiwa na mume wake, alikaa miezi mitatu haongei na mtu. Watu walimletea pole, uji na maombi. Ntandu alimletea helmeti. Alimkalisha kiti cha kushoto, akamfunga mkanda, akasema, nikiita, wewe uitikie tu, mengine niachie mimi. Neno la kwanza lililomtoka Felista baada ya ile miezi mitatu lilikuwa "nimesikia", na alilisema kwa kilomita mia mbili kwa saa. Mtu wa namna hiyo, umnyang'anye kitu chake cha mwisho kwa kufungua vidole?

Lakini Alizeti ya leo ilimtisha. Zamani Ntandu alipotea kwenye sehemu zilizonyooka, mahali ambapo gari lenyewe lingenyooka. Leo alipotea akiwa anaingia kwenye kona. Felista alikaza mikanda ya helmeti yake, akaamua. Kona isiyoitwa haitaitikiwa. Basi. Kitakachotokea, kitokee.

*

Mzunguko wa sita, kona zote sita ziliitwa. Wa saba, zote. Wa nane Ntandu aliendesha kama kijana. Kona ya Chumvi, ambayo wengi huipita kwa kusitasita kwa sababu lami inainama upande wa bonde, aliiingia na breki zikiwa bado zimekanyagwa kidogo, uzito wa gari ukiwa mbele, mkia ukielea, akauweka mahali pake kwa kidole. Felista alisukumwa mlangoni, shingo ikamuuma, na akafurahi. Aliipenda kazi hii. Alianza kujipa matumaini kwamba labda ni uchovu tu, labda usingizi, labda mizunguko miwili iliyobaki ingepita na mambo yote yakasahaulika.

Mzunguko wa tisa walitoka Mapacha, wakashika sehemu ndefu iliyonyooka inayokwenda Upepo. Kilomita moja nzima. Nyange alilala chini, akavuta. Mia na themanini. Mia mbili na kumi. Mia mbili na thelathini.

Kwa mwendo huo gari linakula mita sitini na nne kila sekunde. Upepo inakata kulia kati ya vilima viwili, na upepo unapenya katikati yake na kulipiga gari ubavuni, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Dereva mzuri anaiita kwenye kibao cha mita mia tatu na kukanyaga breki kwenye cha mia mbili. Ntandu huiita mapema kuliko wote, kwa kuwa anaiheshimu.

Kibao cha mia tatu kikapita. Kimya.

Felista alitazama mikono, kama washikaji wote wanavyofundishwa. Mikono haidanganyi. Ilikuwa imeushika usukani kilegevu, vidole vimefunguka kidogo, kama ya mtu aliyebeba sinia la chai akasahau anampelekea nani.

"Shemeji," alisema.

Kibao cha mia mbili kikapita na mguu wa Ntandu ulikuwa bado umekanyaga mafuta. Watu bado wanasema mafuta, ingawa magari hayana tena tone.

Kuachia kishikio ni kitendo kidogo kuliko vyote. Springi yenyewe inafanya kazi. Lakini vidole vya Felista vilikuwa vimefundishwa miaka kumi na tisa kutofunguka, katika mtikisiko, katika hofu, hata siku ile tairi lilipopasuka. Vilikataa. Ilibidi aviamuru kimoja kimoja, akianza na kidole gumba, na alipokuwa anaviamuru alijua wazi anachokifanya na anamfanyia nani.

Akaachia.

Mlezi aliamka. Mikanda iliwabana vifuani mpaka pumzi ikakatika, usukani ukajivuta kutoka mikononi mwa Ntandu na kujificha kwenye dashibodi, magurudumu manne yakaanza kubishana na lami kila moja kwa hesabu yake. Kona haikuwezekana tena. Mlezi alilijua hilo kabla ya binadamu yeyote kulijua, akachagua mchanga. Nyange alitoka nje ya lami akiwa amenyooka, akachimba mifereji minne mirefu, akapungua, akapungua, akasimama mita kumi na moja kutoka ukuta wa matairi. Vumbi likawafunika, likapita.

"Upepo," Ntandu akaita.

Sauti yake ilikuwa ile ile, nzito, imetulia. Felista hakuitikia. Alikuwa analia, na hakujua alianza saa ngapi.

Ntandu alisubiri itikio. Kisha akaona mchanga juu ya kioo. Akaona mikono yake imeshika hewa, mahali pasipo na usukani. Aliirudisha mapajani taratibu.

"Nimeondoka," alisema. "Sivyo?"

"Umeondoka, shemeji."

*

Kidanka alifika na kijigari cha uwanja, amemleta muuguzi, mama wa makamo mwenye begi la mgongoni. Alihakikisha kwanza kwamba wote wazima. Kisha akamvuta Felista pembeni, hatua tano tu, kwa hiyo Ntandu alisikia kila kitu.

"Dada Felista, mfumo unataka sababu ya kuachia. Nafasi ni mbili, chombo au dereva." Alikitazama kishikwambi chake, hakumtazama yeye. "Mimi nimeona moshi wa breki kwenye mzunguko wa nane. Gari la barabarani, breki zimechoka, mguu umezama. Nikiandika chombo, hakuna atakayeuliza. Mzee anarudia mizunguko yake wiki ijayo."

Hapakuwa na moshi. Kidanka alikuwa mtu mwema na alikuwa anatoa zawadi kubwa kuliko zote alizonazo. Felista aliuona mwezi mzima ujao: Ntandu kwenye nafasi ya mbele, magari ishirini nyuma yake, Consolata jukwaani na mwavuli wake. Angeweza kuitikia tu, neno moja, kama alivyoitikia mara zote zile.

"Dereva," alisema.

Kidanka hakuandika.

"Andika dereva. Na uandike na mshikaji. Nimeitikia kona kumi na moja tangu Februari ambazo hakuziita. Kinasa kina sauti zote, kasikilize. Beji yangu hii hapa."

Aliitoa kifuani ikagoma, kitambaa kikachanika. Aliogopa kugeuka. Alipogeuka, Ntandu alikuwa amekaa chini mchangani, mgongo umeegemea gurudumu, anamtazama.

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja. Na ya leo asubuhi nimeihesabu."

"Nilikuuliza pale bandani."

"Uliniuliza. Nikakudanganya."

Alingoja ampandishie sauti. Ingekuwa haki yake, na kwa kweli ingemsaidia.

"Nyumbani napoteza vitu," Ntandu alisema. "Nasimama jikoni sijui nimefuata nini. Consolata anaongea, nashtukia yuko katikati ya habari na mwanzo wake sikuusikia. Nikajiambia, ngoja, mbona uwanjani siachi hata kona moja? Felista anaitikia zote. Kama ameitikia, basi nimeita. Niliufanya uwanja huu ndio daktari wangu, shemeji. Na wewe ukawa unampa daktari rushwa."

"Nisamehe."

"Sijamaliza." Akajifuta uso kwa kiganja, mchanga ukabaki shavuni. "Baba yangu alikufa akituita kwa majina ya ng'ombe. Miaka sita. Mimi nilikuwa naitwa Bahati, alikuwa dume jeusi. Tangu Februari nalala najiuliza ni lini nitaanza kumwita Consolata kwa jina la ng'ombe. Sikumwambia mtu. Nilikuja hapa kila Jumamosi nikasikia unaitikia, nikarudi nyumbani nikijua siku haijafika."

Muuguzi alikuwa ameshapiga magoti, amemvalisha utepe wa vipimo kichwani, na alikuwa akisoma mistari kwenye kioo kidogo. Ilichukua dakika chache. Aliuliza maswali: anaanguka? Hapana. Anajing'ata ulimi? Hapana. Anarudi mwenyewe, haraka, bila kujua? Felista ndiye aliyejibu hilo.

"Daktari atathibitisha," muuguzi alisema, "lakini mistari hii naijua. Ni aina ya kifafa, ile isiyomwangusha mtu. Ubongo unazima sekunde chache kisha unawaka. Siyo ugonjwa wa baba yako. Kumbukumbu yako iko pale pale."

"Siyo wa baba."

"Hata hauhusiani nao. Dawa zipo, vidonge viwili kwa siku. Ungekuja Februari sasa hivi ungekuwa umeshasahau kwamba uliumwa." Alisita, akafunga begi. "Usukani, hapana. Hata ukipona, kwa mikono, hapana."

Mabega ya Ntandu yalianza kutikisika, na Felista akadhani anazimika tena, akamkimbilia. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mdomo wazi, bila sauti, na akamshika mkono Felista akaukandamiza mchangani.

"Siyo wa baba," alisema tena. "Umesikia, shemeji? Siyo wa baba."

Kidanka alikuwa ameipa mgongo hali yote hiyo na anafuta macho kwa mkono wa shati. Ntandu mwenyewe ndiye aliyemwita. Aliweka kidole gumba chake kwenye kishikwambi, na hati ya mikono namba mia nne na saba ikafutika kwenye kioo. Alikitazama kioo hicho mpaka kikazima. Hilo lilimuuma, na hakulificha.

"Miezi saba nimekuwa naogopa kila kona," alisema baadaye, akijipangusa suruali. "Kila kona, Felista. Ningekuwa na akili ningeacha mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa naogopa."

"Tungeambiana, basi."

Walimsaidia Kidanka kumtoa Nyange mchangani kwa kamba, wakazibua mchanga kwenye magurudumu, wakamwachia Mlezi usukani. Akawapeleka nyumbani kwa kilomita themanini kwa saa, kwa adabu zote, akisimama hata pale ambapo kuku walikuwa wanafikiria tu kuvuka.

Kwa miaka kumi na tisa walikuwa wamekaa bega kwa bega ndani ya gari hilo, na Ntandu alikuwa hajawahi kumtazama mwenzake likiwa linakwenda. Macho ya dereva ni ya barabara. Sasa barabara ilikuwa ya mwingine. Akageuza kichwa, akamtazama Felista usoni, bila haraka, huku mashamba yakipita nyuma yake dirishani.

"Kumbe una mvi, shemeji," alisema.

"Zote nimezipatia kwenye kiti hiki."

Ntandu akaangua kicheko, kikubwa, cha kutoka tumboni, na hakikukoma mpaka Mlezi akapunguza mwendo na kuuliza kama kuna abiria anayehitaji msaada.